Namna ya Kuamua Kama Chuo cha Urubani Chenye Ada Kubwa Kinastahili Gharama Yake

Hakuna chuo cha urubani cha bei nafuu. Ndege hunywa mafuta, hukaguliwa, hukatiwa bima na hulipiwa kila inapotua, na mzigo wote huo huishia mabegani mwa mwanafunzi. Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama chuo fulani ni ghali, bali ni kiasi gani cha ada yake kinageuka kuwa saa za kuruka, leseni na nafasi ya ajira, na kiasi gani kinaishia kwenye sare, majengo na jina. Mwongozo huu unamhusu anayetaka kuajiriwa kama rubani. Anayetaka kuruka kwa starehe yake tu hana haja ya chuo kikubwa; klabu ya urubani itamtosha.

Anza kwa daktari

Kabla ya kuchukua fomu ya chuo chochote, tafuta cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinamtaka kila rubani wa biashara awe nacho. Hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi ambako utachukua leseni, si na daktari yeyote wa hospitali. Atapima macho, masikio na moyo, na atauliza habari za kisukari, kifafa na afya ya akili. Miwani si kizuizi, mradi macho yafikie kiwango yakiwa yamevaa miwani. Penye mshangao mkubwa ni kwenye rangi, kwani mtu anaweza kuishi miaka 20 bila kujua kwamba nyekundu na kijani humchanganya, hadi siku daktari atakapomfungulia kitabu cha vidoa vya rangi na kumwuliza anaona tarakimu gani.

Baadhi ya vyuo humwambia mwanafunzi aanze na cheti cha daraja la pili, kinachomtosha rubani wa binafsi, na hilo la daraja la kwanza lifuate baadaye. Kisheria hawakosei. Hata hivyo, hasara ikitokea ni yako, wala si ya chuo.

Leseni ya nchi gani

Viwango vya leseni vinatokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na viambatisho vyake, lakini kila nchi hutoa leseni yake yenyewe, na leseni ya nchi moja haigeuki kuwa ya nchi nyingine kwa kupigwa mhuri tu. Rubani aliyesomea Marekani akapata leseni ya huko, kisha akataka kuajiriwa na shirika la ndege la Ulaya linalofuata kanuni za EASA, yaani wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, atalazimika kukalia mitihani 13 ya nadharia na kupimwa tena hewani. Muda huo wote halipwi na mtu. Kwa hiyo chuo cha mbali kinachoonekana nafuu kinaweza kumgharimu mwanafunzi zaidi kuliko cha karibu kilichomtisha kwa ada yake.

Amua kwanza unakusudia kufanya kazi wapi, na uhakikishe kwamba sheria za huko zinakuruhusu kuajiriwa, maana leseni nzuri bila kibali cha kazi haimpatii mtu mshahara. Kisha iandikie mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo uulize mambo mawili: kama chuo unachokifikiria kinatambuliwa, na utatakiwa kufanya nini ili leseni yake ikubaliwe. Jibu la mamlaka ndilo la kushika. Jibu la afisa wa udahili lina maslahi ndani yake, hata anapolitoa kwa nia njema. Uliza pia kuhusu Kiingereza, kwa sababu rubani wa safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau ngazi ya 4 kati ya 6 za ICAO, na anayehitaji mafunzo ya lugha kabla ya urubani ayaingize kwenye hesabu yake tangu mwanzo.

Geuza ada kuwa saa

Ada za vyuo ni vigumu kuzilinganisha kwa sababu kila chuo hufunga mzigo wake kwa namna yake. Njia ninayoipendelea ni kuweka fedha kando na kuhesabu kwa saa za ndege: chukua bei ya saa moja ya ndege ya injini moja pamoja na mkufunzi, kisha ugawanye ada yote kwa bei hiyo.

Tuseme ada ya chuo inalingana na bei ya saa 400. Fungua mtaala uone kilichomo ndani. Ukikuta saa 160 za ndege ya injini moja, hizo ni 160. Ukikuta saa 20 za ndege ya injini mbili, ambayo katika mfano huu bei yake ni mara tatu, hizo ni 60. Ukikuta saa 40 za simyuleta, mashine ya ardhini inayoigiza ndege, kwa nusu bei, hizo ni 20. Jumla ni 240, na zimebaki 160. Sasa tafuta bei za madarasa ya nadharia, malazi na ada za mitihani kama ungezilipia mwenyewe nje ya chuo. Tuseme zinafika 70. Zinabaki saa 90 ambazo hazijapata maelezo, na mazungumzo yako na chuo yanapaswa kuhusu hizo 90 peke yake. Huenda zinanunua wakufunzi wenye uzoefu wa mashirika ya ndege, ndege zisizokaa karakana miezi miwili zikisubiri vipuri, au mkataba wa kweli na mwajiri. Huenda pia zinanunua bustani na lango lenye nembo.

Hesabu hii haitakamilika bila kujua sheria inadai nini. Viwango vya ICAO vinataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani wa binafsi, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, na saa 200 kwa leseni ya rubani wa biashara, inayojulikana zaidi kama CPL, au 150 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Nchi nyingine huzidisha. Marekani kwa mfano hudai saa 250, au 190 katika shule zinazofuata mtaala ulioidhinishwa. Hizo zote ni za chini kabisa, na hapo ndipo tangazo la chuo hupenda kusimama. Mwanafunzi wa kawaida huzipita, kwa sababu hali ya hewa humkatiza, mkufunzi hubadilishwa, naye mwenyewe hukwama kwenye somo la kutua. Kwa hiyo waulize waliomaliza, si wanaotoa tangazo, kwamba walimaliza na saa ngapi, na usome kwenye mkataba bei ya saa ya ziada. Nimeona mikataba ambayo saa ya ziada ni ghali kuliko saa iliyomo kwenye kozi, jambo linalokifanya chuo kifaidike mwanafunzi anapochelewa.

Saa inayolipiwa chini

Omba ukae kiti cha nyuma wakati mwanafunzi mwingine anafundishwa. Chuo kinachojiamini hakitakataa, isipokuwa kanuni za huko zikatae. Kwenye dashibodi utaona mita ndogo ya tarakimu, ile ya Hobbs, inayohesabu muda wa injini kwa sehemu ya kumi ya saa, yaani tarakimu ya mwisho husogea kila baada ya dakika 6. Tuseme injini inawashwa mita ikisoma 1532.4. Ndege inatembea taratibu kuelekea njia ya kurukia, inasimama, inapisha ndege kubwa ya abiria inayotua, inasubiri tena ili mtikisiko wa hewa ulioachwa na ile kubwa utulie, na mwanafunzi anakaa ameshika breki huku jasho likimtoka. Magurudumu yanaacha ardhi mita ikisoma 1532.8. Somo linafanyika, ndege inarudi, inatembea hadi maegeshoni, na injini inazimwa kwenye 1534.0, dakika 6 tu baada ya kutua. Mwanafunzi atalipia saa 1.6, na kati ya hizo nusu saa imepita ardhini.

Mwenye haki atasema kwamba muda wa kutembea ardhini kwa nia ya kuruka huandikwa kwenye daftari la rubani kama muda wa safari, na ni kweli. Tena kusikiliza redio ya kiwanja chenye shughuli nyingi ni elimu yenyewe. Lakini mikono haijifunzi kutua ndege ikiwa imeshika breki. Chuo kilichoko kwenye kiwanja kitulivu, chenye bei ya saa iliyo juu kidogo, kinaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye mtihani kwa fedha pungufu. Uliza wastani wa kusubiri asubuhi, wakati mashirika ya ndege yanapoanza safari.

Ukiwa hapo kiwanjani, hesabu ndege. Usihesabu zilizo kwenye picha, hesabu zinazoruka siku hiyo. Angalia zilizofunikwa turubai zenye matairi yaliyolala, na uulize zimekaa hivyo tangu lini. Ndege za mafunzo hukaguliwa kila baada ya idadi fulani ya saa, na ukaguzi wa saa 100 ndio uliozoeleka; ndege inayoruka saa 4 kwa siku huufikia ndani ya siku 25. Chuo chenye ndege tano hakiwezi kuahidi ndege tano kila siku. Gawa idadi ya wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kuruka kwa idadi ya ndege zinazoruka kweli, kisha uulize kila mmoja anaruka mara ngapi kwa wiki. Anayeruka mara moja kwa wiki hutumia nusu ya kila somo kukumbuka somo lililopita, na gharama ya kusahau huko huilipa yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu, jambo hili moja linatofautisha vyuo kuliko jina, na ndilo sababu nzito kuliko zote ya kulipa zaidi: mwanafunzi anayeruka mara tatu au nne kwa wiki humaliza kwa saa chache, na huanza kutafuta kazi mapema.

Gharama halisi huishia siku ya kazi ya kwanza

Kosa kubwa ninaloliona katika hesabu za familia ni kusimamisha hesabu siku ya mahafali. Aliyepata CPL akiwa na saa 200 ana leseni, lakini waajiri wengi wanataka saa zaidi, au wanataka awe na idhini ya aina ya ndege fulani kama Airbus A320 au Boeing 737, ambayo mara nyingi hulipiwa na rubani mwenyewe. Wengi huziba pengo hilo kwa kufundisha wanafunzi wapya, kubeba mizigo kwa ndege ndogo, au kurusha watalii. Wengine hukaa nyumbani, na huku wanalipia kuhuisha cheti cha afya na idhini ya kurusha ndege kwa kutegemea vipimo pekee. Weka miezi hiyo kwenye hesabu, pamoja na chakula na kodi ya nyumba.

Marekani inatoa mfano mzuri wa jinsi chuo ghali kinavyoweza kupimwa kwa kalamu. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50, Bunge la huko lilipitisha sheria mwaka 2010, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege la abiria hutakiwa kuwa na saa 1,500. (Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wamezipita saa hizo, ndiyo maana mjadala juu ya sheria hiyo haujaisha.) Mwenye shahada ya kwanza ya urubani kutoka chuo kinachotambuliwa kwa jambo hilo huruhusiwa kuanza na saa 1,000, na vyuo hulitangaza punguzo hilo kwa herufi kubwa.

Tulipime basi. Mkufunzi anayeruka saa 70 kwa mwezi huzipata saa 500 kwa takriban miezi saba. Aliyesoma shule ya kawaida akapata leseni zake kwa mwaka mmoja na nusu, akiwa na saa 250, atahitaji miezi 18 hivi ya kufundisha ili kufika 1,500, jumla miaka mitatu. Mwenye shahada atakaa chuoni miaka minne, na hata akianza kufundisha kabla hajahitimu, ni vigumu amtangulie mwenzake. Na katika mashirika mengi ya huko tarehe ya kuajiriwa ndiyo inayoamua mshahara, kituo cha kazi, ratiba na zamu ya kuwa kapteni. Punguzo la saa peke yake, kwa hiyo, halilipi ada ya miaka minne. Shahada inaweza kustahili kwa sababu nyingine, hasa kumpa mtu mahali pa kuangukia endapo afya itamnyima leseni, ingawa hapo shahada ya uhandisi au uhasibu humsaidia kuliko shahada ya urubani. Na anayekusudia kufanya kazi nje ya Marekani, punguzo hilo halimhusu.

Ahadi na mkataba

Vyuo vingi hutaja mashirika ya ndege kama washirika. Omba kuona maandishi, kwa sababu neno ushirika hubeba mambo yasiyolingana. Kuna shirika linalochagua wanafunzi lenyewe kabla ya mafunzo na kuwapa ahadi ya ajira yenye masharti; hilo lina thamani kubwa. Kuna linaloahidi usaili tu, na usaili si kazi. Na kuna ambalo nembo yake imewekwa ukutani kwa sababu mhitimu mmoja aliajiriwa huko zamani. Uliza ni wahitimu wangapi wa mwaka uliopita walioajiriwa kuruka, wapi, na baada ya miezi mingapi, na uombe kuzungumza na watatu uliowachagua wewe.

Kuhusu mafunzo ya leseni ya rubani wa ndege zenye marubani wengi, maarufu kama MPL, ambayo hudai saa 240 na sehemu kubwa yake hufanyika kwenye simyuleta, uwe mwangalifu zaidi. Huandaliwa kwa ajili ya shirika moja mahususi, na shirika hilo likifilisika au likisitisha ajira, mwenye leseni hiyo ana haki finyu kuliko mwenye CPL.

Namna ya kulipa

Usilipe ada yote mwanzoni, hata ukiahidiwa punguzo. Vyuo vya urubani vimefungwa katika nchi mbalimbali vikiwa na fedha za wanafunzi ambazo hazikuwahi kurudi, na punguzo la sehemu ndogo ya ada haliwezi kufidia hatari ya kupoteza yote. Lipa kwa hatua, kila malipo yakitangulia mafunzo kwa wiki chache tu. Chuo kikikataa, dai fedha ziwekwe kwenye akaunti ya mtu wa tatu zinakotolewa kadiri unavyoruka. Soma kifungu cha marejesho kabla ya ukurasa wowote mwingine: ukiugua, ukifeli au chuo kikipoteza ithibati yake, utarudishiwa nini na baada ya muda gani?

Anayekopa apime rejesho la mwezi kwa mshahara wa rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza, wala asilipime kwa mshahara wa kapteni, ambao ndio vyuo hupenda kuutaja na ambao unaweza kuwa mbali miaka mingi. Mimi ningeweka mpaka hapa: rejesho lisizidi theluthi ya mshahara huo wa kuanzia, na familia iweze kulibeba kwa miezi 18 bila mshahara wowote. Sekta hii huporomoka ghafla. Iliporomoka baada ya Septemba 2001, ikayumba tena 2008, na mwaka 2020 waliohitimu walikuta mashirika yakiegesha ndege na kupunguza marubani wenye uzoefu. Umri nao uingie kwenye hesabu, kwa kuwa kikomo cha ICAO kwa rubani wa safari za kimataifa za biashara zenye marubani wawili ni miaka 65; mwenye miaka 22 ana muda wa kungoja msimu mbaya upite, mwenye 45 ana muda mchache zaidi wa kuirudisha fedha yake.

Yapo pia yale ambayo ada haiyataji: ada za watahini, kurudia mtihani, vifaa vya masikioni, ramani, ada za kutua kwenye viwanja vingine, viza. Omba orodha kwa maandishi.

Linganisha na njia ya hatua kwa hatua

Chuo ghali kisilinganishwe na chuo kingine ghali tu. Katika nchi nyingi mtu anaweza kuchukua leseni ya binafsi kwenye shule ndogo, akakusanya saa, akasoma nadharia kwa masafa huku akiendelea na kazi yake, kisha akalipia CPL, injini mbili na idhini ya vipimo kila moja kwa wakati wake. Huchukua muda mrefu, hudai nidhamu kubwa, na waajiri wengine hupendelea waliosoma kozi moja isiyokatizwa. Uliza waajiri unaowalenga. Faida yake ni kwamba unaweza kusimama katikati bila deni la kozi nzima.

Njia hiyo inampa pia mwenye shaka jaribio la bei ndogo. Jiandikishe shule ya karibu inayolipisha kwa saa, uruke saa 15 hadi 20 mfululizo ndani ya mwezi mmoja au miwili, hadi mkufunzi atakaposhuka kwenye ndege na kukuacha urushe peke yako. Katika nchi nyingi saa hizo hubaki kwenye daftari lako na huhesabiwa, ingawa baadhi ya kozi zilizoidhinishwa huzitambua kwa sehemu tu, jambo la kuuliza mapema. Ukishazunguka kiwanja na kutua bila mtu pembeni, rudi kwenye ile karatasi ya saa 400 na zile 90 zisizo na maelezo, uwapigie simu chuo, na uwaulize moja moja.